Bushi za lori zikilika: ipi ibadilishwe nyumbani Masoro, ipi ipelekwe kwa fundi mwenye presi

KIGALI – Lori linalofika Masoro kutoka bandari ya Dar es Salaam huwa limekwisha kutembea karibu kilomita 1,500. Likishashusha kontena, mara nyingi hukaa siku moja, mbili au zaidi likisubiri karatasi au mzigo wa kurudi nao. Mzigo huo wakati mwingine haupatikani, kwani bidhaa ambazo Rwanda inaagiza kutoka nje ni nyingi kuliko zile inazouza. Siku hizo za kusubiri ndizo zinazofaa kukagua kitu ambacho wenye magari wengi hukikumbuka kikiwa kimeshaharibika, nacho ni bushi za springi.

Gari wakati huo ni tupu, liko mahali pa tambarare, na hakuna mteja anayepiga simu kuuliza mzigo umefika wapi. Likishapakia tena, hakuna mtu atakayekubali kulivua springi.

Kuna sababu nyingine ya kijiografia. Zamani shehena nyingi za Kigali zilishushwa Gikondo, kwenye bonde lililokuwa na maghala na viwanda. Baadaye viwanda vilihamishwa kutoka katika ardhi oevu hiyo na kupelekwa eneo maalumu la kiuchumi la Masoro, wilayani Gasabo, na Oktoba 2019 ikazinduliwa hapo hapo bandari kavu inayoendeshwa na kampuni ya DP World. Malori yakahamia mashariki ya jiji. Mafundi wengi na maduka ya spea, hata hivyo, walibaki Gatsata, upande wa pili wa Kigali. Mwenye lori anayeishi Ndera, Kabuga au Kanombe hujikuta akijiuliza kama kuna haja ya kulivusha gari zima mjini kwa ajili ya bushi mbili, au amtume kijana wa pikipiki akalete spea na kazi ifanyike uani.

Jibu linategemea ni bushi gani.

Bushi ni nini hasa

Bushi ni kipande cha mviringo, cha shaba, chuma au mpira, kinachokaa kati ya jicho la springi na pini yake. Imewekwa pale ili ilike yenyewe, vitu vingine visilike. Bushi ikiisha na gari likaendelea kutembea, pini huanza kulika, kisha jicho la springi, kisha mabano yaliyofungwa kwenye chesi. Hapo kazi ya nusu siku hugeuka kuwa kazi ya wiki, na bei ya springi nzima haifanani hata kidogo na bei ya bushi.

Kwenye magari ya ekseli moja nyuma, kama Fuso na Isuzu zinazobeba mchele, maharage na saruji kati ya Kigali na mipakani, bushi zinazohusika ni za mbele ya springi na za shakeli, yaani kile kiungo cha nyuma kinachobembea ili springi ipate nafasi ya kurefuka. Nyingi huwa na pini ya chuma na nipeli ya grisi. Kwenye vichwa vya semi vyenye ekseli mbili za nyuma huongezeka toki rodi, zile fimbo nene zinazozuia ekseli zisisogee mbele na nyuma, na bushi zake ni za mpira uliogandishwa kwenye chuma. Tela nalo lina bushi za mikono inayoshika ekseli na za ikwalaiza, kile chuma cha katikati kinachogawa uzito kati ya ekseli moja na nyingine.

Neno moja kwa madereva wa Tanzania na Kenya wanaotafuta spea Kigali: mafundi wengi wa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo walijifunza kazi kwa Kifaransa. Bushi ya mpira wataiita silambloki, na shakeli wataiita jumeli. Njia ya hakika ni kuchukua ile bushi ya zamani mkononi pamoja na pini yake. Kusema tu "bushi ya Fuso ya nyuma" kumewarudisha watu wengi Gatsata mara mbili kwa siku moja.

Kwa nini njia hii inazila haraka

Springi ya lori imetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Gari likiwa tupu, springi huwa ngumu kama ubao, na kila shimo hupiga moja kwa moja kwenye pini na bushi. Msafirishaji anayepanda na tani 28 na kushuka bila kitu huziumiza bushi zake kwenda na kurudi, kwa namna mbili tofauti. Kipande cha Lusahunga hadi Rusumo, upande wa Tanzania, kilijulikana kwa miaka mingi kwa mashimo yake, na madereva wanaokumbuka safari za miaka hiyo hawahitaji kuelezwa zaidi.

Aidha, Tanzania magari hupita kushoto na Rwanda kulia. Barabara hujengwa ikiwa imeinuka katikati ili maji yatiririke pembeni, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya safari ya Dar es Salaam hadi mpakani gari huwa limeegemea kushoto kidogo, na magurudumu ya kushoto ndiyo yanayopita karibu na ukingo wa lami uliomeguka. Ukaguzi uanze upande huo. Lakini bushi zibadilishwe pande zote mbili za ekseli, kwani mpya kushoto na kuukuu kulia hulifanya gari litembee upande.

Yapo pia mambo ya mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2013, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu tani 18 kwa kundi la ekseli mbili zenye matairi pacha na tani 24 kwa kundi la ekseli tatu. Gari linaweza kuwa chini ya vikomo hivyo, likapita Vigwaza hadi Nyakahura bila faini, na bado ekseli moja ya tela ikawa inabeba zaidi ya fungu lake kwa sababu ikwalaiza imekwama kwenye bushi iliyokufa. Dereva atakuja kujua tairi litakapopasuka, tena tairi la ekseli ile ile kila safari, na lawama zote akabebeshwa muuza matairi.

Dalili

Dalili ya kwanza ni sauti: mlio wa "ko" gari likiondoka na mwingine likishika breki. Ya pili ni usukani unaotangatanga, hasa kwenye mteremko, ambako dereva hulazimika kurekebisha kila mara. Ya tatu ni tairi linaloliwa ukingo mmoja. Mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, Rwanda ilipotaka mizigo ihamishwe au madereva wabadilishane mpakani Rusumo, magari mengi yalishikwa na watu wasioyajua. Dereva aliyelizoea gari huzoea na mlio wake pia, na hilo ni tatizo, kwa sababu mgeni angeusikia kilomita ya kwanza.

Dalili ya nne huonekana kwa macho. Vumbi la rangi ya kutu likizunguka kichwa cha pini maana yake ni chuma kinasaga chuma bila grisi. Kwa kuwa udongo wa Kigali wenyewe ni mwekundu, mahali hapo pafutwe kwanza kwa kitambaa, gari litembee siku moja, kisha patazamwe tena.

Kipimo rahisi kabisa hakihitaji kulala chini ya gari. Utingo asimame kando, hatua kadhaa kutoka kwenye gurudumu, dereva ashike breki huku akijaribu kuondoka mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo. Ekseli ikisogea huku chesi imetulia, bushi zimekwisha. Kwa tela, futi ya kupimia inatosha: kipimo kutoka kwenye kingpini hadi katikati ya ekseli ya kwanza kichukuliwe kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 3, tela linaburutwa kombo. Siku ya mvua hata futi haihitajiki. Gari likitembea moja kwa moja kwenye lami yenye maji, alama za matairi ya nyuma zikitoka nje ya zile za mbele upande mmoja, jibu limepatikana.

Ya nyumbani na ya gereji

Bushi za stabilaiza na za shokomzoba zinaweza kubadilishwa na mtu yeyote mwenye spana na subira. Bushi za pini za springi za nyuma, kwa gari la ekseli moja, ni kazi ya nyumbani kwa watu wawili wenye vifaa. Toki rodi zinaweza kufunguliwa nyumbani, lakini bushi yenyewe haitoki kwa nyundo. Fimbo ifungwe kwenye pikipiki, ipelekwe kwenye presi, irudishwe na kufungwa. Anayeipigapiga uani huishia kupanua tundu la fimbo, na bushi mpya hukaa humo ikicheza.

Springi za mbele zinawezekana, ila gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu kabla ya safari ndefu. Ikwalaiza za tela lenye ekseli tatu, pamoja na kitu chochote chenye mabano yaliyopasuka, visiguswe nyumbani.

Jeki hainyimi mtu nafasi ya kufa

Kabla ya spana kuna suala la ardhi. Uani kwa mtu, hasa miezi ya mvua ya Machi hadi Mei, jeki huzama. Kinachoonekana kigumu asubuhi huwa tope mchana, na jeki ya tani 20 iliyoinama hata kidogo huteleza ghafla. Chini ya jeki na chini ya kila stendi pawekwe ubao mnene wa mti mgumu au bamba la chuma. Tofali na bloku za saruji haziwekwi chini ya gari kwa hali yoyote, kwani hupasuka bila kutoa ishara.

Jeki ni ya kunyanyulia tu. Kushikilia ni kazi ya stendi za chuma zinazowekwa chini ya chesi, pande zote mbili, kabla mtu hajaingiza hata mkono. Magurudumu yasiyonyanyuliwa yazuiwe kwa vigingi mbele na nyuma, na mtu asitegemee breki ya mkono peke yake, kwani kwenye malori mengi hiyo hushika ekseli ya nyuma, ile ile inayonyanyuliwa. Gari lenye mifuko ya hewa badala ya springi lisiingiwe chini hadi chesi iwe imekalia stendi, kwani mfuko ukitoa hewa nafasi iliyokuwepo hutoweka mara moja.

Kazi yenyewe

Kwa bushi za pini, chesi ikishakaa kwenye stendi, jeki ya pili iwekwe chini ya ekseli ili uzito wake usivute pini. Siri ya kazi ipo hapo: jeki hiyo ikipandishwa na kushushwa kidogo kidogo hupatikana mahali ambapo pini hailemewi na upande wowote, na pini iliyogoma kwa nyundo kubwa huanza kutoka kwa mapigo ya kawaida. Afungue mwisho mmoja wa springi kwa wakati, na upande mmoja wa ekseli kwa wakati. Anayefungua pini zote kwa pamoja ataona ekseli inazunguka, na kuirudisha ni kazi ya watu wanne. Kwa utaratibu huu yubolti hazihitaji kuguswa. Zikilazimika kufunguliwa, ni vizuri ziwekwe mpya, ingawa wengi huzirudisha zile zile.

Bushi kuukuu ikivutwa, jicho la springi lisafishwe hadi chuma king'ae, kisha litazamwe kama lina ufa. Moto usitumike. Gesi ya kuchomelea hutoa bushi haraka, ni kweli, lakini jani la springi limepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa kiwandani, na moto wa uani huuondoa. Springi hiyo itakatika, labda siyo leo, labda kwenye milima ya Ngara. Kwa sababu hiyo hiyo bushi inayocheza haichomelewi kwenye jicho.

Kuingiza bushi mpya bila presi kuna njia ya zamani inayofanya kazi vizuri. Boliti ndefu na nene ipitishwe kwenye jicho, upande mmoja kuwe na bamba linalosukuma bushi, upande mwingine kipande cha bomba chenye upana wa kupokea, kisha nati ikazwe polepole. Bushi huingia ikiwa imenyooka, jambo ambalo nyundo haiwezi kuahidi. Ile ya shaba au chuma ikilazwa usiku kucha kwenye friza hunywea kidogo na kuingia kwa urahisi zaidi, mradi mwenye friza ameombwa ruhusa. Tundu la grisi kwenye bushi lielekezwe kwenye tundu la nipeli. Hili husahaulika kuliko yote, na bushi iliyozibwa tundu hukauka na kufa kabla ya safari ya pili.

Pini mpya iingie kwa mkono, bila kulegea. Ikigoma, bushi ichongwe kwa kifaa chake kwa fundi wa mashine, isilazimishwe. Pini kuukuu yenye mtaro unaoshikwa na ukucha isirudishwe kwenye bushi mpya, kwani itaila ndani ya muda mfupi.

Bushi za mpira zina sheria zao mbili, na zote huvunjwa nyumbani. Ya kwanza, zisipakwe grisi wala oili wakati wa kuingizwa. Mpira wa asili huvimba na kulainika kwa mafuta. Maji ya sabuni yanatosha. Ya pili, boliti zake zisikazwe kabisa gari likiwa limening'inia. Mpira umeshikana na chuma ndani na nje, na gari linapopanda na kushuka mpira ndio unaojipinda. Ukikazwa springi ikiwa imening'inia, gari likishushwa chini mpira hubaki umejipinda wakati wote hata gari likiwa limesimama, nao hupasuka mapema. Boliti zifungwe kwa kushikizwa tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari. Bushi nyingi zinazosemwa kuwa ni feki zilikuwa nzima. Zilikazwa gari likiwa hewani.

Feki nazo zipo, bila shaka. Zipo pia bushi zinazochongwa kutoka kwenye matairi makuukuu. Hizo zinaweza kulitoa gari porini hadi kwenye gereji ya karibu. Kwenye toki rodi ya gari lililobeba kontena hazina nafasi.

Karatasi, takataka na Jumamosi ya mwisho

Anayenunua spea nchi moja na kuzivusha nyingine, iwe ametoka Gerezani Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi, soko la Kisekka Kampala au Gatsata, awe na risiti ya mashine: ile ya EFD kwa Tanzania, EBM kwa Rwanda. Bushi mpya kumi ndani ya boksi lisilo na risiti huonekana kama biashara kwa ofisa wa forodha Rusumo, na huenda zikashughulikiwa hivyo.

Mafuta ya taa yaliyooshea pini na grisi iliyokwanguliwa yasimwagwe mtaroni. Kigali hilo halichukuliwi kama jambo dogo, na jirani ataliona kabla ya ofisa. Yakusanywe kwenye dumu yapelekwe gereji. Mpira usichomwe.

Mgeni asipange kazi hii asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Ni siku ya umuganda. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi watu huwa kwenye kazi za jamii, maduka yamefungwa, na gari lililobaki juu ya stendi likisubiri bushi moja litasubiri.

Baada ya hapo ni grisi. Bomba la grisi libanwe gari likiwa limenyanyuliwa chesi, siyo likiwa limekalia springi, kwa sababu uzito huziba ile nafasi ambayo grisi inatakiwa kupita. Ibanwe hadi grisi chafu itoke pembeni na safi ionekane. Kwa gari la Dar es Salaam na Kigali, mara moja kila safari si nyingi.

Boliti na nati mpya hulegea kidogo zikishapata kazi. Kwa gari linaloondoka Masoro kuelekea Rusumo, mahali pazuri pa kusimama na kukaza tena ni Kayonza, pale barabara ya Kagitumba inapokutana na ya Rusumo. Dereva aguse kwa mkono kichwa cha kila pini mpya. Zote ziwe na joto linalolingana. Iliyo ya moto kuliko wenzake ama haipati grisi, ama bushi yake ilibanwa kupita kiasi, na ni heri ifunguliwe Kayonza kuliko ng'ambo ya mto Kagera.